Tumbo, ini na ubongo: maswali yenu kuhusu neva ya vagasi

Maswali ya safari hii yametoka Arua hadi Kasese, na mengi yanazunguka neva moja: vagasi, inayounganisha ubongo na viungo vya tumbo. Tumeyachapa pamoja kwa sababu jibu la msomaji mmoja linamfaa mwingine.

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wanauliza tumbo linawasiliana na ubongo kwa njia ipi, ya neva au ya damu? Kitabu chetu kina mistari michache tu.
Mwalimu, Jinja

JIBU: Kwa zote mbili, Mwalimu, ila kwa mwendo tofauti. Anza na ramani. Vagasi ni ya 10 kati ya jozi 12 za neva za fuvu. Ziko mbili, kulia na kushoto. Zinaanzia kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, zinatoka kwenye tundu lililo chini ya fuvu na kuteremka shingoni ndani ya ala moja na ateri na vena kubwa za shingo. Kifuani zinatoa matawi ya moyo na mapafu, kisha zinausindikiza umio na kupenya nao kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Huko chini zinagawanyika kwenda mfuko wa tumbo, ini, mfuko wa nyongo, kongosho, utumbo mwembamba wote na sehemu kubwa ya utumbo mpana, mpaka karibu na wengu. Kipande cha mwisho cha utumbo mpana kinahudumiwa na neva za nyonga.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitarajii ni hili: takriban nyuzi 8 kati ya kila 10 za vagasi hupandisha habari kutoka viungoni kwenda ubongoni. Zinazoshusha amri ni chache. Seli za nyuzi hizo zinazopandisha habari zimekusanyika katika fundo dogo chini ya fuvu, na habari zao zinapokelewa kwenye kituo kilichomo ndani ya medula kabla ya kusambazwa sehemu za juu za ubongo.

Nyuzi nyingi za tumboni hazina ala ya mafuta, kwa hiyo ishara hukimbia kama mita 1 tu kwa sekunde. Ni polepole kwa neva, lakini hata hivyo habari hufika ubongoni ndani ya sekunde moja hivi. Homoni zinazopitia damu huchukua dakika.

Ncha za vagasi hazigusi chakula. Zimekaa chini ya utando wa utumbo. Wanaoonja chakula ni seli maalumu zilizotawanyika kwenye utando huo. Zikikutana na mafuta, protini au sukari hutoa homoni kama kolesistokinini na GLP-1, na nyingine hutoa serotonini. Mwaka 2018 kikundi cha Diego Bohórquez katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilionyesha kwa panya kwamba baadhi ya seli hizo zimeungana moja kwa moja na nyuzi za vagasi, na hupeleka habari za sukari kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Hapa uwasahihishe wanafunzi jambo moja. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko utumboni, lakini haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndizi mbivu ina serotonini, ila ukila mkungu mzima haitaingia ubongoni. Serotonini ya utumbo huufikishia ubongo habari kwa kuzisisimua ncha za vagasi, na ikitoka nyingi kwa mpigo mmoja matokeo yake ni kichefuchefu. Ondansetroni, dawa ya kutapika wanayopewa wagonjwa wa saratani, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya serotonini kwenye ncha hizo.

Kwa jaribio la darasani: mwanafunzi akae kimya dakika 5, mwenzake ashike mapigo kwenye kifundo cha mkono. Avute pumzi sekunde 5, aitoe sekunde 5, kwa dakika 2. Mapigo yataharakisha wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa, kwa sababu vagasi hushika breki ya moyo pumzi inapotoka. Kwa vijana huonekana vizuri. Hupungua kadiri umri unavyosogea, na hufifia mapema kwa mwenye kisukari ambaye neva zake zimeanza kuharibika.

SWALI: Mimi ni nesi. Utumbo na ubongo naelewa. Ini linaingia wapi, ikiwa chakula chote kinalifikia kwa damu?
Nesi, Mbale

JIBU: Dada, ini ndilo linalopokea kwanza. Karibu robo tatu ya damu yake hutoka kwenye vena ya potali, inayokusanya damu ya mfuko wa tumbo, utumbo, kongosho na wengu. Sukari uliyokunywa kwenye chai inapita hapo kabla haijaufikia moyo. Kwenye ukuta wa vena hiyo, na mahali inapoingia ini, kuna ncha za neva zinazopima glukosi. Kwa wanyama wa maabara imeonekana kwamba glukosi ikipanda katika vena ya potali, baadhi ya nyuzi za tawi la vagasi la ini hupunguza ishara zake. Ubongo husoma upungufu huo kuwa ni chakula kilichofika.

Amri zinazoshuka ni mbili zinazovutana. Vagasi husaidia ini kuhifadhi glukosi kama glikojeni, na hulihimiza kongosho kutoa insulini, hata kabla sukari haijapanda, mara tu chakula kinaponusiwa na kutafunwa. Neva za upande wa pili, zile za hofu na haraka, huliamuru ini livunje glikojeni na kuimwaga sukari kwenye damu. Dalili ya kwanza kwamba ubongo unaweza kuligusa ini aliipata Mfaransa Claude Bernard mwaka 1849: alichoma sehemu ndogo ya chini ya ubongo wa sungura, na sukari ikatokea kwenye mkojo.

Hiyo GLP-1 tuliyomtajia Mwalimu huvunjwa kwenye damu ndani ya dakika 2 hivi. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake inafanyika palepale inapotolewa, kwenye ncha za vagasi za utumbo na vena ya potali. Sindano zinazoiga homoni hiyo, kama semaglutidi, zimetengenezwa zidumu mwilini siku nyingi, kwa hiyo hazitegemei njia hiyo fupi peke yake.

Kuna pia habari za maambukizi. Vipande vya bakteria vinavyovuja kutoka utumboni hukamatwa na seli walinzi za ini. Seli hizo hutoa kemikali za uvimbe, na vagasi hupeleka taarifa. Mgonjwa akakosa hamu ya kula, akataka kulala tu. Mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kuisisimua vagasi hupunguza kemikali hizo. Utafiti mwingi umejengwa juu ya hilo.

Lakini tusiikuze neva kupita kipimo chake. Ini lililopandikizwa huunganishwa mishipa ya damu na njia ya nyongo. Neva zake zimekatwa, nalo hufanya kazi miaka mingi. Kwa hiyo vagasi hulirekebisha ini. Hailiwashi wala hailizimi. Mtu akikuuzia dawa ya «kuamsha vagasi ili kusafisha ini», kumbuka wagonjwa hao.

SWALI: Nauza vitenge Owino. Asubuhi nakunywa chai ya maziwa tu, mchana sipati nafasi, saa mbili usiku nakula sahani kubwa ya matoke na mchuzi wa karanga. Nakula haraka, sishibi, naongeza, kisha nalala nimevimbiwa na kiungulia kinanichoma. Kosa liko wapi?
Mama wa vitenge, Kampala

JIBU: Mama, chakula chako hakina ubaya. Shida ni muda na ukubwa wa sahani.

Kushiba kuna ishara mbili. Ya kwanza ni ya kutanuka. Mfuko wa tumbo ulio mtupu hulegea kwa amri ya vagasi mara chakula kinaposhuka, na unaweza kupokea lita 1 hadi 1.5 bila kukaza sana. Ukimeza haraka, unajaza nafasi hiyo kabla ishara ya pili haijafika. Hiyo ya pili ni ya kemikali: mafuta na protini vikifika mwanzo wa utumbo mwembamba, kolesistokinini hutoka, huisisimua vagasi, hukamua mfuko wa nyongo na kupunguza kasi ya mfuko wa tumbo kumwaga chakula. Inahitaji kama dakika 15 hadi 20 tangu tonge la kwanza ili iwe na nguvu. Ukimaliza sahani kwa dakika 7, unaongeza ya pili wakati ubongo bado haujaarifiwa.

Kisha mchuzi wa karanga, kwa kuwa una mafuta mengi, hukaa. Na kila mara sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo inapotanuka sana, vagasi hulegeza mlango ulio kati ya umio na tumbo kwa sekunde chache ili gesi itoke. Ukiwa umelala, asidi hutoka pamoja na gesi. Hicho ndicho kiungulia chako.

Fanya hivi. Saa saba mchana nunua kwa wale wanaopitisha chakula sokoni nusu kikombe cha maharage na kipande cha kiazi kitamu. Hata ukila umesimama ni afadhali kuliko kukosa. Jioni anza na mchicha na maharage, halafu matoke kiasi cha ngumi zako mbili na vijiko vitatu vya mchuzi wa karanga. Kula kwa dakika 20. Ukitaka kuongeza, ngoja dakika 10 kwanza. Kati ya kula na kulala ziwe saa 3. Kama hujafunga biashara mpaka usiku, basi chakula kikubwa kihamie mchana na usiku upate uji. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu miwili ya kichwani. Kurundika mito haisaidii, kwa sababu hukunja tumbo na kulikandamiza. Kulala ubavu wa kushoto kunapunguza asidi kupanda.

Ukiona chakula kinakwama kooni, uzito unapungua bila sababu, unatapika damu au choo kimekuwa cheusi kama lami, usijaribu hayo tena nyumbani. Nenda hospitali upimwe kwa kamera.

SWALI: Nina kisukari mwaka wa 12 na ninajidunga insulini. Miezi hii nikila kidogo nashiba. Wakati mwingine asubuhi natapika chakula cha jana jioni. Ajabu ni sukari: nikijidunga na kula, saa moja baadaye natetemeka na kipimo kiko chini, halafu usiku wa manane iko juu sana. Dawa imeharibika?
Baba wa watoto watatu, Arua

JIBU: Mzee, uliyoyaeleza yanafanana sana na mfuko wa tumbo uliopooza kiasi, na hapa tutakaa, kwa sababu wengi wanaongezewa insulini wakati tatizo ni chakula kilichochelewa.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu nyuzi ndefu za neva kwanza. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye nyayo, na ndiyo maana vagasi nayo huumia. Bila vagasi, mfuko wa tumbo hausagi wala hausukumi chakula kigumu. Sasa tazama hesabu: unajidunga, insulini inaingia kwenye damu, inaliamuru ini liache kutoa sukari na misuli ivute iliyopo. Chakula kilichotakiwa kuziba pengo bado kiko juu. Sukari inaanguka. Saa nne au tano baadaye chakula kinateremka, insulini imekwisha, sukari inapanda. Insulini inaweza kuwa nzima kabisa. Hata hivyo hakikisha inakaa mahali pa baridi, maana joto la Arua huiharibu.

Kwa siku 7 andika kipimo cha sukari kabla ya kula, saa 2 baada ya kula, saa 4 baada ya kula na kabla ya kulala, pamoja na ulichokula na ulipotapika. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko maelezo ya mdomo. Yeye kwanza atataka kujua kwamba hakuna kizuizi, kwa kupitisha kamera ukiwa umefunga. Kipimo chenyewe cha kasi ya tumbo hutumia mlo wenye chembe kidogo ya mionzi: ikibaki zaidi ya asilimia 10 ya chakula baada ya saa 4, tumbo limechelewa. Kifanyike sukari ikiwa imetulia, kwa sababu sukari ya juu yenyewe hulipunguzia tumbo mwendo, na majibu yakatoka ya uongo. Mwambie pia dawa zako zote. Tramadoli, kodeini, amitriptilini na sindano za semaglutidi huchelewesha tumbo.

Chakula: milo midogo 5 au 6 kwa siku. Uji wa ulezi uliochujwa, wenye maziwa; matoke yaliyopondwa laini; samaki, mayai, kuku asiye na ngozi; maharage yaliyochemshwa mpaka yakalainika, yakapondwa na kuchujwa maganda. Acha kwa sasa nyama ngumu, vya kukaanga, kabichi mbichi, fenesi, muwa, embe lenye nyuzi na ngozi nyeupe za machungwa. Nyuzi hizo hujikusanya tumboni zikawa donge gumu linaloziba njia. Tafuna sana, kaa wima, kisha tembea taratibu dakika 15 hadi 30. Siku tumbo linapokataa kabisa, kunywa chakula: supu, maziwa, uji mwepesi. Vimiminika hupita hata pale vigumu vinapokwama.

Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L), koroga vijiko vidogo 4 vya sukari katika glasi ya maji, unywe, pima tena baada ya dakika 15, urudie kama bado. Usitegemee chapati, biskuti wala chokoleti. Kwako vitakaa tumboni huku ukizidi kuishiwa. Na wa nyumbani waelewe: ukipoteza fahamu, wasikumwagie kitu mdomoni. Wakulaze ubavu na wakimbie hospitali.

Metoklopramidi, dawa ya kulisukuma tumbo, ya miligramu 10 kabla ya mlo huweza kusaidia, lakini ni ya muda mfupi na ya kuandikiwa. Ikitumika kwa miezi inaweza kuleta mchezo wa ulimi, midomo na uso usiozuilika, ambao mara nyingine hauondoki hata dawa ikiachwa. Ukiona dalili hiyo, acha siku hiyohiyo na umwone daktari. Suala la kuhamisha sindano ya insulini ya haraka iwe baada ya chakula lipo, na huwafaa baadhi ya wagonjwa. Mlipange na daktari akiwa na daftari lako mbele yake. Kutapika huku sukari iko juu, pumzi inakwenda mbio na ina harufu ya matunda yaliyooza ni dharura. Wakati huo usiache insulini eti kwa sababu hujala. Nenda hospitali mara moja.

SWALI: Kaka yangu amevua samaki Ziwa Albert tangu utotoni. Tumbo limejaa maji, wengu umevimba. Wiki hii analala mchana, usiku yuko macho, anachanganya majina ya watoto wake. Wengine wanasema amerogwa, mwingine kasema ni hiyo neva ya tumbo na ubongo.
Ndugu yake, Butiaba

JIBU: Pole sana, ndugu. Hapa neva haina lawama. Njia iliyoharibika ni ya damu, na kaka yako anahitaji kulazwa sasa, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Bakteria wa utumbo hutengeneza amonia kutokana na protini. Ini zima huifuta. Ini lililochoka, au damu iliyolikwepa ini kwa sababu vena ya potali imezibwa, huiacha ipande ubongoni. Mgonjwa hubadilisha usiku na mchana, husahau, huandika vibaya. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele kama anayesimamisha gari: vikianguka na kurudi kwa mishtuko, ni dalili ya hali hii.

Kwa wavuvi wa Ziwa Albert, wengu mkubwa na maji tumboni hutufanya tufikirie kichocho cha utumbo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye matawi ya vena ya potali ndani ya ini na kuacha makovu. Lakini kichocho peke yake kwa kawaida huziacha seli za ini zikifanya kazi. Akili ikichanganyikiwa, kuna la ziada: homa ya ini aina ya B, pombe, au damu inayovuja kwenye mishipa iliyovimba ya umio. Damu iliyomezwa ni protini nyingi kwa bakteria, na amonia hupanda kwa saa chache. Tazameni choo chake. Kama ni cheusi, mwambieni daktari hilo kabla ya yote. Vichochezi vingine ni kufunga choo, maambukizi ya yale maji ya tumboni, kuharisha kulikokausha mwili, na dawa za usingizi. Asipewe hata kidonge kimoja cha kumtuliza.

Hospitalini huenda akapewa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, ikipimwa kwa choo: lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Zaidi ya hapo anakauka maji na kuchanganyikiwa upya. Chini ya hapo haifanyi kazi. Akiweza kula, msimnyime protini. Ushauri huo wa zamani uliwakondesha wagonjwa, na misuli yenyewe husaidia kuondoa amonia. Maharage, mayai, maziwa, pamoja na kitu cha kula kabla ya kulala ili ini lisikeshe bila akiba. Pombe kali ya waragi iishe kabisa nyumbani mwake.

Nanyi wengine wa familia: prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, baada ya chakula. Mtu wa kilo 60 ni vidonge 4 vya miligramu 600. Mkirudi majini mtaambukizwa tena, hivyo dawa irudiwe kila kampeni ya kuigawa inapopita. Mpimwe pia homa ya ini aina ya B. Watoto wa Uganda wamekuwa wakichanjwa wakiwa wachanga tangu 2002. Mtu mzima asiye na ugonjwa hupata dozi 3, ya pili baada ya mwezi 1 na ya tatu mwezi wa 6.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 huzirai akitolewa damu, na akisimama sana kwenye mstari wa shule. Ni kifafa?
Mama, Lira

JIBU: Huenda si kifafa, Mama. Vagasi hupunguza mapigo ghafla, mishipa ya miguu hulegea, presha huanguka. Kabla ya hapo hupiga miayo, hutoka jasho baridi, macho huona giza. Akihisi hayo, apishanishe miguu na kukaza mapaja na matako kwa nguvu, au achuchumae. Siku ya kupimwa damu ale, anywe nusu lita ya maji dakika 15 kabla, na atolewe akiwa amelala. Akianguka, mlaze na kuinua miguu, asiinuliwe haraka. Ila akizirai akiwa anakimbia, au bila dalili yoyote ya awali, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, moyo wake upimwe kwa mashine ya umeme wa moyo.

SWALI: Baba alipasuliwa vidonda vya tumbo zamani, akaambiwa neva imekatwa. Hadi leo akinywa soda anatoka jasho na kuharisha.
Kijana, Kasese

JIBU: Upasuaji huo ulienezwa na Lester Dragstedt wa Chicago kuanzia 1943: kata vagasi, asidi ipungue. Kwa kuwa tumbo lisilo na vagasi halijimwagi, mlango wake wa chini ulipanuliwa, na sasa vyenye sukari vinateremka kwa mkupuo. Jasho na kuharisha huja dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Kutetemeka kwa sukari kushuka huja baada ya saa 1 hadi 3. Aache soda na juisi, ale milo midogo 6 yenye protini, maji ayanywe nusu saa kabla au baada ya chakula, na ajilaze dakika 30 akimaliza kula. Tawi la ini na nyongo nalo hukatika katika upasuaji wa aina hiyo, na mawe ya nyongo hutokea zaidi. Maumivu ya upande wa kulia baada ya mafuta yasipuuzwe. Siku hizi vidonda hutibiwa kwa kumuua bakteria wa tumbo kwa vidonge, kazi iliyowapa Barry Marshall na Robin Warren tuzo ya Nobel mwaka 2005.

SWALI: Nimeletewa kifaa cha kubana sikioni, eti kinaamsha vagasi. Mwingine ananiambia nisugue shingo.
Dada, Entebbe

JIBU: Shingo usiisugue. Pale kuna ateri inayopeleka damu ubongoni. Kuikandamiza kunaweza kuusimamisha moyo kwa sekunde kadhaa, na kwa mtu mzima aliyejaa mafuta kwenye mishipa kunaweza kung'oa kipande kikasababisha kiharusi. Kifaa kilichothibitishwa zaidi hupandikizwa kwa upasuaji, waya ukizungushwa kwenye vagasi ya kushoto. Marekani kiliidhinishwa kwa kifafa mwaka 1997 na kwa sonona sugu mwaka 2005. Ni kweli sikio lina tawi dogo la vagasi, ndiyo maana wengine hukohoa wakichokonoa sikio, lakini kifaa cha dukani hakichukui nafasi ya dawa yoyote unayotumia. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo asikivae. Pumzi ni bure: vuta kwa sekunde 4, toa kwa sekunde 6, dakika 10, mara mbili kwa siku. Hutuliza moyo na wasiwasi. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, punguza kina.

SWALI: Mjomba ana kwikwi siku ya nne. Ana homa, na anaumwa chini ya mbavu za kulia mpaka begani.
Mpwa wake, Bombo

JIBU: Kwikwi inayozidi saa 48 huchunguzwa. Njia yake hupita kwenye vagasi na kwenye neva ya kiwambo, na ini limekaa chini ya kiwambo hichohicho. Homa, maumivu ya kulia na bega la kulia pamoja na kwikwi hutufanya tushuku jipu la ini, ambalo huku kwetu mara nyingi huletwa na amiba, hata kwa mtu ambaye hakumbuki kuharisha. Maumivu ya begani huletwa na neva ya kiwambo, hivyo msimkande bega. Msinunue metronidazoli dukani mkampa siku tatu kisha mkaacha: homa hupoa kidogo na jipu likaendelea kukua. Mpelekeni leo kwenye hospitali yenye mashine ya altrasaundi. Kipimo cha ini huchukua dakika chache, na jipu likiwa kubwa au likikaribia kupasuka hutolewa usaha kwa sindano mgonjwa akiwa amelazwa.